Mwenyeji wa Klabu

Klabu yetu ilizaliwa sebuleni kwangu, na mama yake mzazi alikuwa wivu. Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na klabu yenye nyasi, bwawa na geti. Tuliomba kujiunga, wakatuambia nafasi zimejaa kabla hatujamaliza kujitambulisha. Aliyeumia zaidi ni daktari wa meno, kwa sababu nusu ya wale watu amewang'oa magego.

"Tuanzishe yetu," akasema, "halafu wao ndio tuwanyime."

Hapo sote tukajiona watu wenye maono. Kilichokosekana ni uwanja tu, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuza bima, nikasema uwanja upo. Ulikuwa wa mke wangu. Aliachiwa na shangazi yake, na hati ina jina lake. Jina langu mimi liko kwenye bili ya maji. Nilimwomba jikoni huku namenya vitunguu, kazi ambayo sijawahi kujitolea kuifanya. Akakubali kutuazima.

"Ila msinifanye mjinga," akasema.

Nikacheka. Jioni hiyohiyo nikachaguliwa mwenyekiti.

Kanuni niliziandika mwenyewe. Neno "mwanachama" nililikataa, linanuka siasa na michango ya misiba. Nikaweka "mwenyeji," neno lenye heshima zake. Mgeni hataingia bila mwenyeji wake. Mwenyeji anaweza kumtoa mgeni wakati wowote bila kueleza sababu. Nilipowasomea wenzangu, mmoja wao, mkandarasi, akauliza, wake zetu je? Tukajadili sana, vichwa vimetuvimba, tukakubaliana kwamba wake wataingia kama wageni wa waume zao. Wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi, maana mwenyekiti huonyesha njia.

Siku ya ufunguzi tulivaa makoti kwenye jua kali. Tulikuwa na viti vya plastiki na mashimo matatu ya gofu, moja likiwa limechimbwa na fuko. Nilikuwa nasafisha koo nianze hotuba niliposikia mabishano getini.

Mke wangu alikuwa amesimama nje na wake wa wenzangu, kabeba vitambaa vya meza alivyotushonea usiku na mchana. Mlinzi, tuliyemwajiri juzi, alikuwa amemzuia kwa adabu zote.

"Mama, mwenyeji wako ni nani?"

"Kwani mwenyeji maana yake nini?" mke wangu akauliza. Alimuuliza mlinzi, ila alikuwa ananitazama mimi.

"Si mwenye mahali?"

"Basi ni mimi. Hapa ni pangu. Na hawa waliomo ndani, nani kawakaribisha?"

Mlinzi akageuka kututazama. Daktari akanitazama mimi, mimi nikamtazama mkandarasi, mkandarasi akatazama viatu vyake.

"Mwenyekiti," mke wangu akasema, "kanuni zenu zinasemaje kuhusu mgeni?"

Nilikuwa nazijua kwa moyo. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba mwenyeji anaweza kumtoa wakati wowote, bila kueleza sababu.

"Bila kueleza sababu," akarudia. "Mmeandika vizuri. Haya, tokeni."

Tukatoka, makoti na yote. Yeye akaingia, akasimama palepale getini, akaanza kukaribisha. Wanawake kwanza. Kisha, "Shemeji daktari, karibu." Daktari akapita bila kunitazama. "Shemeji, na wewe karibu." Mkandarasi naye akapita, akajifanya anakohoa. Wote wakaisha, nikabaki mimi.

"Na huyu, mama?" mlinzi akauliza.

Alinitazama. Nilitegemea atacheka, tumezoea kumaliza mambo kwa kucheka. Hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Asubuhi alikuwa mume wangu," akasema. "Sasa hivi sijui ni nani. Funga kwanza."

Geti likafungwa. Nikasikia viti vikiburutwa, vitambaa vikikung'utwa, daktari akisifia mshono. Jua lilikuwa linanichoma mgongoni na hotuba ilikuwa imenitoka yote kichwani. Aibu niliyokuwa nayo haikuwa ya mwenyekiti. Nikagonga bati la geti.

"Hodi."

Mazungumzo yakakatika. Nikasikia hatua zake zikija, zikasimama upande wa pili.

"Nani?"

Nilifungua mdomo, na cheo kikagoma kutoka.

"Mgeni wako," nikasema.