Maji ya Bondeni

Faraja alipofika kwa Biubwa mara ya kwanza, aliketi mkekani bila kungoja kuletewa kiti, akasema lililomleta. Alikuwa binti wa Morogoro, ameajiriwa na shirika dogo lenye ofisi Kilindoni, mji wa kisiwa kile, linalosaidia shule kulima bustani ili watoto wapate mboga kwenye chakula cha mchana.

"Shule mbili tumeshaharibu, bibi," alisema. "Tulikuja na ramani yetu na mbegu zetu, hatukumuuliza mtu. Kote kumekufa. Safari hii tunataka wenyeji watuambie kwanza, ndipo tushike jembe."

Biubwa alimpenda kwa maneno hayo. Alikuwa mjane wa miaka sitini kasoro mmoja, na pale kijijini Mtondooni hapakuwa na asiyeujua mkono wake. Watu walikuja kutoka hata Ndagoni kwa pikipiki kufuata mchicha na bamia zake. Ila mtu wa ofisi kuja kumuuliza jambo, hilo halijawahi kutokea. Alikubali kabla chai haijapoa.

Wenyeji walioombwa ushauri walikuwa wawili, yeye wa mimea na Swalehe wa maji. Swalehe alikuwa binamu yake, mzee wa miaka sabini na kitu, na nusu ya visima vya kijiji alivichimba yeye. Walikutana na Faraja na walimu shuleni Jumamosi moja, darasa la nne, wamejibana kwenye madawati ya watoto.

Mwalimu mkuu, Kombo, alitaka bustani iwe nyuma ya madarasa.

"Pale mchanga mtupu, mwalimu," alisema Biubwa. "Utamwagia asubuhi, adhuhuri maji yameshakwenda zake. Twendeni bondeni. Udongo mweusi, maji karibu. Mama yangu alilima kule kila kiangazi, na sisi tumelelewa na mboga za bonde lile."

Swalehe alikohoa. "Bonde zuri. Ila kisima cha Matano, upande wa mikoko, mwaka huu kimebadilika ladha. Ukinywa chai kwake unaisikia chumvi."

"Kaka, Matano lini amesafisha kisima chake?"

Watu wakacheka. Swalehe naye akacheka, akainua mikono. "Haya. Mwenye kulima ni wewe."

Faraja aliandika kila neno. Wiki iliyofuata kazi ikaanza bondeni, kama alivyosema Biubwa.

Swalehe alichimba kisima akapata maji kabla hajafika mbali, maji baridi, kila mtu akayaonja. Wazazi walileta miti na makuti wakajenga uzio wa kuzuia mbuzi. Mvua za masika zilipopungua, watoto walishapandikiza matuta ishirini na mawili, na Biubwa alishinda nao akiwaonyesha jinsi ya kushika mche kwa majani bila kuminya shina. Mchicha ulitoka mpana. Bamia zikabeba. Mwezi wa nane watoto walikula mboga siku nne kwa wiki, na mwalimu Kombo alisimama mbele ya wazazi akasema mahudhurio yamepanda. Wageni wa shirika walikuja kupiga picha. Biubwa alivaa kanga mpya siku hiyo, na jioni mashavu yalikuwa yakimuuma kwa kucheka.

Vuli haikunyesha. Zilidondoka manyunyu mara mbili, basi.

Mwezi wa kwanza ncha za majani zikaanza kuwa za kahawia. Biubwa aliita watoto. "Yana kiu haya. Mlikuwa mkimwagilia mara moja? Sasa asubuhi na alasiri." Walifanya hivyo. Kahawia ikapanda kutoka ncha mpaka katikati ya jani. Akawaambia waongeze tena, kila tuta ndoo tatu. Watoto walipanda na kushuka na ndoo vichwani, kanzu na sare zimelowa, na yeye akiwahimiza kwa sauti, "Lisheni! Lisheni!" Juu ya udongo palitanda kitu cheupe. Alidhani ni majivu waliyokuwa wakimwaga kufukuza wadudu.

Swalehe alikuwa mgonjwa wa kiuno mwezi ule mzima. Alipopata nafuu alikuja polepole na fimbo yake, akaomba ndoo ya kisimani. Alichota kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Nani amekuwa akimwagilia maji haya?"

Biubwa alipiga magoti, akaonja naye. Chumvi ilimkamata ulimi mpaka machozi yakamtoka.

"Mvua haikuja kuisukuma chumvi," alisema Swalehe. "Bahari imepita chini kwa chini. Na nyie mmeichota mkaimwaga juu." Alipouona uso wa Biubwa akasema kwa upole, "Kisima nilichimba mimi, dada. Ningeonja mapema."

"Ulisema darasani. Mimi ndiye niliyewafanya watu wakucheke."

"Yamekwisha hayo."

Faraja alikuja na kipimo cha chumvi, akakitumbukiza kisimani, akasoma, akatikisa kichwa. Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomuumiza Biubwa zaidi. Angekuwa amedharauliwa kama zamani, angekuwa na la kusema, kwamba hawakumuuliza. Lakini aliulizwa. Alisikilizwa mpaka mwisho, neno kwa neno, na walichokifanya ni kile alichosema yeye.

"Labda masika itaosha chumvi," Faraja alisema. "Tujaribu tena, bibi?"

Walingoja. Masika ilipofika ilikuja vizuri, mvua ya siku nzima nzima, na bonde likajaa madimbwi. Biubwa alichagua mbegu za mchicha kwenye kibuyu chake mwenyewe, zile za ukoo, ambazo hakuwahi kumpa mtu, akapanda tuta moja tu. Ziliota siku ya nne. Aliziangalia kila asubuhi baada ya sala, akiwa peke yake, akizihesabu kwa kidole. Siku ya kumi na moja miche ililala. Aling'oa mmoja. Mzizi ulikuwa mwembamba kama uzi, umeungua mwisho.

Wazazi walikuja kuchukua miti yao ya uzio mmoja mmoja. Hawakusema neno baya. Walimsalimia, wakapita.

Faraja alikuja nyumbani mara ya mwisho mwezi wa sita. Shirika lilikuwa linahamia shule za kaskazini, upande wa Ras Mkumbi, na lilitaka Biubwa awe mshauri wa huko pia.

"Nitawaambia nini, mwanangu?"

"Unachokijua."

"Ninachokijua ndicho kilichoua bustani." Biubwa alivuta upindo wa kanga. "Nakijua kisiwa cha mama yangu. Hiki cha sasa sikijui. Nikisimama mbele ya watu nikasema limeni hapa, wataniamini. Unaona balaa hilo?"

"Basi tuchague mahali pengine hapa hapa. Juu, penye mchanga?"

"Maji ya juu yako mbali, nayo yanapungua. Muulize Swalehe."

"Nimemuuliza. Kasema nikuulize wewe."

Faraja hakuandika chochote. Baadaye aliaga, akamshika bibi mkono kwa mikono yake miwili, akapanda pikipiki.

Mwalimu Kombo aliomba jambo moja tu, Biubwa mwenyewe aende akawaambie watoto kwamba bustani imekwisha, maana walikuwa wakiuliza kila siku. Alikwenda. Walisimama wote, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, wakakaa. Alieleza habari ya chumvi kwa maneno mepesi. Msichana mmoja wa mbele, Arafa, aliinua mkono.

"Bibi, tulikosea wapi?"

"Nyie hamkukosea. Mlimwagilia kama nilivyowaambia."

"Sasa tutapanda wapi?"

Biubwa alitazama dirishani, upande wa bonde, kisha upande wa juu. Aliyapitia mashamba yote aliyoyajua tangu utoto wake, moja baada ya jingine, hata lake mwenyewe lililoanza kuwa na weupe pembeni.

"Sijui, wanangu," alisema.

Darasa lilimtazama, likimngoja aendelee. Mwalimu Kombo akawaambia wamshukuru bibi, wafungue madaftari ya hesabu.