Mama Mkasi Afumba Mdomo

Wateja walimwita Mama Mkasi, ingawa mkasi wenyewe ulikuwa ukilala droo siku nzima. Uzi aliukata kwa meno. Akimaliza upindo, anainama, anauma, kat! Anatema kipande, kisha anaendelea na hadithi pale pale alipoiachia. Maana jambo la pili lililomjulisha kwa watu ni maneno. Ukienda kwake kupimwa kiuno, unaondoka unajua habari za mtaa mzima, zikiwemo zako mwenyewe ambazo ulikuwa huzijui.

Mumewe aliitwa Kimya. Alikuwa dereva wa gari la maiti la hospitali, na abiria wake hawakuwa watu wa mazungumzo. Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Miaka yote ya ndoa aliishia kwenye "Salama," "Haya," na "Asante." Si kwamba alikuwa na kinyongo, la. Kila alipofungua kinywa alikuta mkewe ameshapita.

Asubuhi moja Mama Mkasi alikuwa anamalizia mfuko wa turubai wa fundi bomba, ule wa kubebea spana. Uzi wake ulikuwa mnene kama kamba ya kiatu, na mwenye mfuko alikuwa amesimama pale pale akiusubiri. Mama Mkasi akainama kama kawaida yake, akauma. Uzi haukukatika. Kilichokatika ni jino.

Lilikuwa la mbele, la juu, lile linalotangulia kumsalimia mgeni. Kona yake nzima ilidondoka juu ya turubai. Akakimbilia kioo cha wateja, akatazama, akasema, "Sasa nimekwisha!" Hapo ndipo alipojua kwamba msiba una mkia. Kila "s" ilitoka na mluzi. Fundi bomba aliinua macho darini kumtafuta ndege.

Kuanzia hapo Mama Mkasi akafumba mdomo. Wateja aliwapima kwa ishara: geuka, inua mkono, vuta pumzi. Mmoja akaenda kutangaza kwamba amenuna. Mwingine akasema amekuwa na maringo tangu anunue cherehani mpya. Habari za mtaa, zilipokosa msemaji, zikamgeukia yeye.

Nyumbani alijifunika mtandio hadi puani, akisingizia mafua. Usiku wa kwanza walikula kimya, yeye, mumewe na mama mkwe wake, bibi mmoja mcheshi aliyekuwa amebaki bila jino hata moja la kuzaliwa nalo. Kijiko kikigonga sahani kilisikika kama kengele. Kimya akamtazama mkewe, akamtazama mama yake, akakohoa.

"Leo kulikuwa na joto kazini," akasema.

Hakuna aliyemkatiza. Akashangaa. Akaongeza kwamba tairi la nyuma limekwisha. Bado njia ilikuwa nyeupe. Kesho yake akasimulia kisa kizima, na keshokutwa viwili. Kumbe mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo alikuwa anajaza ghala!

Jioni moja akawasimulia habari za ukoo uliogombania kiti cha mbele cha gari lake. Shangazi anataka, mjomba anataka, mtoto wa kwanza anasema ni haki yake. Wakavutana mpaka Kimya akachoka, akawasha gari, wakaondoka wakiendelea kuvutana. "Tumefika makaburini," akasema, "nafungua mlango wa nyuma: patupu! Marehemu wamemwacha hospitali. Yeye ndiye peke yake ambaye hakugombania kiti."

Mama Mkasi akaangua kicheko, mtandio ukadondoka, na pengo likawa hadharani.

"Ala!" akasema Kimya. "Na jino limekwenda wapi?"

"Sssijui la kufanya," akajibu mkewe kwa mluzi, kisha akaanza kulia, akacheka tena, akamweleza yote.

Mama mkwe akasogeza taa, akalichungulia jino kama mtu anayekagua nyanya sokoni. "Ng'oa yote, mwanangu. Nitazame mimi na haya yangu ya bandia. Hayaniumi, hayaozi, na mgeni akinichosha nayavua, anaondoka mwenyewe."

"Hang'oi kitu," akasema Kimya, na wote wawili wakageuka, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akikata shauri. "Kesho nakupeleka kwa daktari wa meno wa pale kazini. Na nitakushika mkono."

Daktari alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya upole. Alimlaza Mama Mkasi kwenye kiti kinachoegemea, akamwashia taa usoni, akapeleka mkono mdomoni. Sasa, kwenye mkono wa koti lake kulikuwa na uzi unaning'inia. Mazoea yana taabu. Mama Mkasi hakufikiri hata kidogo. Aliinua kichwa, kat!

Daktari akaruka nyuma. "Mama! Unaniuma?"

"Uzi, daktari. Ulikuwa unaning'inia."

Daktari akautazama mkono wa koti, akalitazama jino, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi sina haja ya kuuliza limevunjikaje. Uzi umekuwa ukilila jino hili kidogo kidogo miaka yote, likapata mfereji. Kwenye mfereji uozo ukajenga nyumba."

"Kwa hiyo linang'olewa."

"Nani kasema? Mtu akikuletea gauni limetoboka kwapani, unalitupa?"

"Naweka kiraka."

"Haya, na mimi vile vile. Uozo kama haujafika ndani kwenye mshipa, nausafisha, halafu najenga ile kona kwa dawa nyeupe inayoganda kwa mwanga. Kama umefika, nitasafisha kwanza mzizi, kisha jino nilivishe kofia. Kung'oa na kuweka la bandia, au kutengeneza daraja la meno linaloshikwa na meno ya pembeni, hayo ni ya pale kitambaa chenyewe kimeisha."

Wakapiga picha ya jino. Mshipa ulikuwa salama.

"Lakini kiraka kitaonekana," Mama Mkasi akalalamika. Daktari akatoa mstari wa vijino vya mfano, kila kimoja na weupe wake. Macho ya Mama Mkasi yakang'aa. Hofu akaisahau kwenye kiti. Wakaenda wote wawili dirishani, wakaviinua juani kimoja kimoja, wakibishana kama watu wanaochagua bitana.

"Hiki cheupe mno, nitaonekana nimeazima."

"Na hiki?"

"Hiki kimekunywa chai kidogo. Ndicho changu."

Akarudi kulala kitini. Kimya akamshika mkono kwa nguvu. "Usiogope, mke wangu. Sindano ya ganzi ni kama kuumwa na mbu." Halafu akageuka, akaiona sindano yenyewe. Mtu aliyeshinda na maiti tangu ujana wake akapepesuka, akaanguka chini kama gunia la mchanga.

Mama Mkasi akashuka kitini mbio. Daktari akamwinua Kimya miguu, yeye akampepea kwa mtandio. Kimya akafumbua jicho moja. "Niko wapi?"

"Sssimama, bwana wewe! Gari lako bado halijakuhitaji."

Kimya akakalishwa kwenye benchi nje ya mlango na glasi ya maji. Mama Mkasi alicheka sana hata sindano ikaingia na kutoka bila yeye kuhesabu maumivu. Daktari akakwangua uozo, akajenga kona tabaka kwa tabaka, akaligandisha kila tabaka kwa mwanga wa buluu, akang'arisha. Mwisho akamwambia aume karatasi ya rangi kuona kama meno yanakutana sawasawa.

"Haya, sema kitu."

Mama Mkasi akashika kioo. "Sasa sisi sote tumesalimika," akasema, na hakuna ndege aliyelia.

"Na uzi?"

"Nitaukata kwa mkasi, daktari. Nimekoma."

Jioni ile maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alimsimulia mama mkwe kisa kizima mara tatu, na kila mara Kimya alianguka kutoka juu zaidi. Kimya mwenyewe alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Mama Mkasi alipokiona kile kijiko kinazunguka, akanyamaza katikati ya sentensi. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Na wewe je?" akauliza.

"Mimi nini?"

"Kazini, baada ya kuniacha. Leo umembeba nani?"

Kimya akaangalia nyuma yake kuona anayeulizwa ni nani. Kisha kijiko kikasimama.

"Leo," akaanza taratibu, "nimesimamishwa na askari wa barabarani. Akasema hatuondoki mpaka abiria wote wafunge mikanda."

"Wote?" akauliza mama yake.

"Wote, mama. Akazunguka mwenyewe nyuma kukagua."

Mama Mkasi alikuwa na mambo yasiyopungua matatu ya kusema kuhusu askari wa barabarani. Akayateremsha yote kwa funda moja la chai, akasogeza kiti karibu.

"Ehe," akasema. "Akafungua mlango?"