Ni Lako Mwenyewe?

…na mwalimu bado amemkazia macho, kalamu nyekundu imesimama pembeni mwa aya, "Hili wazo ni lako mwenyewe?", anauliza huku anatabasamu, na tabasamu hilo ndilo linalomtoa jasho mwanafunzi wa uuguzi, maana angefoka, mtu angejua pa kujibanza, lakini anasifu, anataka insha iingie kwenye jarida la chuo, na sentensi yenyewe inasema matandiko hubeba taarifa ambazo mgonjwa hakumpa daktari, maneno ya kisomi hayo, kayapiga pasi mwenyewe kutwa nzima, ila dada yake alisema vingine, alisema huku mikono yake imezama kwenye sabuni kule chumba cha kufulia cha hospitali, "Mdogo wangu, shuka halifichi, mgonjwa atamwambia daktari hajambo, shuka linaniambia mimi alivyolala," wakacheka wote wawili, naye akaenda akabadilisha hili na lile, ya mbele akayapeleka nyuma, basi ukishabadilisha linakuwa lako… hapana, mwalimu huyuhuyu alisema darasani, hata ukilisema kwa maneno yako wazo lina mwenyewe, mtaje, na yeye kawataja maprofesa sita, jina, mwaka, ukurasa, hadi yule ambaye kitabu chake kaishia kwenye jalada, huyo kapata mabano yake na dada kakosa, aibu gani hii, "Unanisikia?", "Nakusikia, mwalimu," anasikia nini, anasikia mashine za kufulia, sasa dada angemwandikaje, hana kitabu, hana mwaka, ana vidole vilivyobabuliwa na dawa, si wangemcheka… kumbe ni hilo tu, aliogopa kuchekwa, kwa ajili ya mtu aliyemlea, na dada ameshawatangazia wenzake wote kazini kwamba mdogo wangu ananiandika, asubuhi hii kamshika mlangoni, "Niambie basi, nimo ukurasa wa ngapi, nije niwaonyeshe," naye akajibu wa nne, akajibu bila kupepesa macho, na sasa anaitazama karatasi chini ya kalamu, namba ni nne kweli, maprofesa wawili wamo, dada hayumo, "Eti, ni lako?", mwalimu bado anasubiri, na ile "ndiyo" aliyoingia nayo ofisini ameshaimeza, ana jina moja tu kichwani, anatafuta pa kuanzia…