Fundo la Mama Agathe

Asubuhi moja ya wakati wa Zaïre, kule Kalemie, Mama Odile alikuwa anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwa, juu ya muchanga. Binti yake Lucie alikuwa anacheza na Pontien, mutoto wa jirani, na vifurushi vilikuwa vinatoka mu ngozi ya Pontien kama kawaida. Vilikuwa vidogo kuliko punje ya ulezi, vimefungwa na kikwembe, kitambaa cha kitenge. Miili ya majirani inatumiana hivyo: chumvi kidogo, salamu, onyo.

Vikaingia mu shingo ya Lucie. Odile alitambua fundo. Lilikuwa la Mama Agathe, mama yake Pontien, lile analofungia sahani ya bukari, ni kusema ugali, akiituma kwa jirani. Na sahani ya jirani haifunguliwi mbele ya aliyeileta, ni matusi. Mwili wa Lucie ulilelewa vizuri. Ukapokea vyote bila kufungua.

Ndani mulikuwa surua. Ilikuwa imejifunza fundo.

Kisha siku kumi, Lucie akawaka moto, macho mekundu, pumzi fupi. Odile akamubeba mpaka dispensaire, kwenye dawa.

«Mama, hii ni surua. Sababu gani hukumuchanja?» akauliza Papa Lambert, infirmier, muuguzi wa pale.

«Nilimuleta. Ulisema dawa imeharibika na joto.»

«Ah, njo kweli. Frigo ya kutia baridi ni moja, na bia ya chef, mukubwa wetu, hainywewi moto.»

«Ila mutoto anaweza kuwa moto?»

«Usiniletee politiki, mama. Mupe maji.»

Waliporudi kwao, Agathe alikuwa anangoja mulangoni. Pontien, yeye, alikuwa ameugua surua hiyo na amepona.

«Agathe, surua imeiba fundo lako,» akasema Odile.

«Lile? Hata dada yangu limemushinda kufunga!»

Wakaangalia. Vifurushi vilikuwa vinaendelea kufika mu shingo ya Lucie, vyote sura moja, hakuna wa kuvitenga kwa macho. Odile akainama kwenye sikio la mutoto.

«Lucie, kosa adabu. Fungua mbele ya mugeni.»

Mwili ukaona haya, kisha ukafungua. Kimoja: surua. Ukatupa. Kingine: kipande cha nguo ya surua, na neno la mwili wa Pontien, «Huyu, mumufukuze.» Ukakiweka.

Kesho yake jua lilipopanda, jasho likatoka, Lucie akaomba ndagala. Odile akakaa chini, akalia kwa raha, hata Agathe akamwambia anyamaze, anatisha kuku.

Juma lililofuata, chanjo mupya ikafika. Akina mama wakapanga mustari. Papa Lambert akatoka, akasema imeharibika na joto. Wakarudi nyumbani kufundisha watoto kukosa adabu, maana hiyo haina haja ya frigo.