Upana wa Mstari

Wiki waliyokuja kutupimia kijiji, binti yangu Georgina alikuwa likizo, na mtumbwi wangu wa lubisi alikuwa ameuteka. Simaanishi mtumbwi wa ziwani. Ni lile gogo lililochongwa, tunamokanyagia ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji ya hiyo pombe yetu. Yeye aliujaza maji ya mvua, akauinamia uani asubuhi nzima. Akasema ni fizikia.

"Shuleni kwenu Bukoba hakuna vyombo?" nikamuuliza.

"Kipo kimoja, Tata. Sinia la kioo la kuonyeshea mawimbi. Mgeni rasmi alilikabidhi, wakapiga picha, likafungiwa ofisini. Mwalimu anatuchorea ubaoni, na mimi ubaoni sioni kitu kinachotembea."

Sikushangaa. Hata dawa ya mama yake ilikuwepo zahanatini. Ilikuwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa mkutanoni anapiga makofi. Mke wangu Anatolia akafa kabla makofi hayajaisha. Nikamzika kibanjani, kati ya migomba, kama tunavyozika watu wetu, upande ule wa barabara alikopenda kuketi akichambua maharage.

Basi tukagonga maji, mimi kidole changu, yeye chake. Viduara vikaenea, vikakutana, vikavurugika.

"Hatuendi pamoja, Tata. Wewe unachelewa."

"Mimi ni mzee."

Akakata kijiti cha mti wa mbuni chenye panda, akagonga peke yake, ncha zote mbili kwa pigo moja. Hapo nikaona. Katikati ya mawimbi kulitokea mistari ya maji yaliyotulia, kama njia zilizofagiliwa.

"Kilele kikikutana na kilele, maji yanapanda zaidi," akasema. "Hapa kilele kinakuta bonde, vinafutana."

"Kwa hiyo mawimbi yanafia hapo."

"Hayafi. Tazama, yanapitana, yanaendelea mpaka ukingoni kama vile hayakuonana."

Akaweka rula, akapima kutoka mstari mmoja uliotulia hadi wa pili. Sentimita nne. Akarudia, nne na nusu. Akarudia tena, tatu na nusu. Nikamcheka: shule gani hii inayofundisha mtu kukosea.

"Maji yanatikisika, Tata, na jicho langu liko pembeni. Nikiandika nne peke yake nitakuwa mwongo. Naandika nne, halafu naandika kwamba huenda nimezidisha au nimepunguza nusu. Hiyo nusu nayo ni sehemu ya jibu."

Mchana huo huo Katibu wa kijiji, Rutashobya, akafika na kamba yake ya katani, yenye fundo kila mita. Alisema shamba la ujamaa litachukua mita hamsini kutoka barabarani, kwa kila mtu, bila ubaguzi. Jirani yangu Ildefons akashikishwa ncha. Jua lilikuwa kali, kamba imekauka. Ikapita migomba, ikapita juu ya kaburi la Anatolia, kigingi kikapigwa nyuma yake.

"Kaburi litasawazishwa kesho," Katibu akasema. "Wafu hawalimi, Ta Karugendo."

"Wewe unalima? Viganja hivyo vinafaa kuogeshea watoto wachanga."

Ildefons akakohoa ili asicheke.

Georgina akasema kwa adabu, "Pima tena, Katibu. Mara moja haitoshi. Na katani ikilowa inafupika."

"Binti, serikali haina karibu-karibu. Hamsini ni hamsini."

Kukapambazuka kwa mvua. Katibu akarudi na wanaume wa kijiji na majembe, na kamba ile ile iliyolala nje kwenye nyasi. Nikasimama mbele ya kaburi. Nikamwambia hakuna jembe litakaloshuka kabla hajapima mbele ya watu wote hawa. Kwa kuwa walikuwa wanamtazama, akapima.

Kamba ikaishia upande wa barabara, kaburi halijafikiwa. Georgina akapiga kigingi cha pili. Katibu akafoka, "Vuteni!" Wakavuta mpaka mishipa ikawasimama, fundo la mwisho likafika miguuni mwa kaburi. Kigingi cha tatu.

"Sasa una majibu matatu," Georgina akasema.

"Nachukua la jana."

"Kwa nini la jana?"

"Kwa sababu ndilo nililoandika."

Watu wakaguna. Mimi sikusoma, darasa la pili niliachia kwa Mapadri, lakini lile la rula nilikuwa nimelielewa vizuri.

"Mstari wako una upana, Katibu. Kutoka kigingi hiki mpaka kile, hakuna hapa anayejua unapita wapi, na wewe hujui. Mke wangu amelala ndani ya huo upana. Kama hujui, usichimbe."

"Kijiji ndicho kimeamua."

"Kijiji hiki hapa. Waambie wachimbe."

Akawaambia. Mmoja akatazama jembe lake kana kwamba ameliazima. Ildefons akaiachia kamba ikaanguka matopeni, akasema mgongo unamuuma.

"Nitakupeleka wilayani," Katibu akaniambia.

"Nipeleke. Muleba napajua. Ila kamba hiyo uibebe, nao waipime."

Akaondoka, wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Atarudi, watu wa namna yake hurudi, tena na askari. Kwa hiyo sikungoja. Nilikata vipande vya mlamula, mti tunaopandia mipaka, nikaanza kuvipanda kwenye kigingi kilicho karibu zaidi na barabara.

Georgina akavitazama vigingi vyote vitatu. "Tata, hapo umejipendelea. Ungesema ukweli, ni mahali fulani kati ya hivi."

"Nimejipendelea," nikasema. "Wao wakijipendelea, nani huwaambia?"

Georgina akachuchumaa, akanishikia mche usimame wima, nami nikashindilia udongo kwa kisigino.