Pasi ya Dobi na Birika la Ofisini

Dobi alichomeka pasi kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu lile sanduku la betri likalia tii, tii, tii, likajizima. Akaipapasa pasi tumboni kwa kiganja. Hata uvuguvugu haikuwa nao.

"Limekataa tena?" aliuliza kinyozi wa chumba cha pili, kasimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Limekataa. Na mdogo wangu aliniapia kwenye simu, 'Dada, hili linaendesha kila kitu.' Kila kitu cha nani, sijui."

Sanduku lenyewe lilikuwa dogo, la kubebwa kwa mkono mmoja, lina mshikio juu na matundu ya kuchomekea mbele. Mdogo wake alilituma kwa wema wote, baada ya kusikia kwamba umeme wa vyumba vya uani umekatika na haurudi. Kinyozi alitema povu nje, akaja kuligeuza na kusoma maandishi ya ubavuni.

"Linatoa wati mia tatu. Haya, pasi nayo tuione." Akaigeuza. "Elfu moja na mia mbili! Dada, unamtwika mtoto gunia la mtu mzima."

"Sasa linafaa nini?"

"Linafaa sana. Mashine yangu ya kunyolea inakula kama ndege. Cherehani ya jirani yetu haina makuu. Taa, feni, redio, simu, vyote twende. Ila kitu chochote cha kupasha moto, sahau. Pasi, jiko, birika la chai, ukichomeka tu, linazimia."

Dobi akacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Ndiyo mambo ya dunia hayo: katika ua mzima, mwenye sanduku ndiye peke yake ambaye sanduku halimfai.

Siku nyingine angelitupa kabatini na kuendelea kulalamika. Lakini leo ilikuwa siku ya ukaguzi. Ofisi iliyowapangisha ilikuwa na sheria yake: chumba kitakachokutwa hakifanyi kazi, kinarudi mikononi mwa ofisi. Kwanza umeme ukakatika, halafu wakaja kukagua nani kakaa bure. Muuza juisi wa chumba cha kwanza friji lake lilinyamaza, matunda yakaoza, akakutwa amekaa na shavu mkononi. Mlango wake ulipigwa kufuli siku hiyohiyo. Watu walinong'ona kwamba kuna mkubwa anautaka ua wote. Ofisi ikasema huo ni uzushi.

Na dobi hakuwa na pa kwenda. Chumba alichokuwa analala nyumbani kwake hakikuwa na pa kuanika hata leso. Hapa ndipo penye bomba, kamba na wateja waliozoea kumkuta. Kazi yake yote ilikuwa hapa, na watoto wake aliwalea kwa kazi hiyo. Pasi ya mkaa alikuwa nayo, lakini ofisi ilikataza moto vyumbani, na kuwasha mkaa leo ingekuwa kujifungia mlango mwenyewe.

Fundi cherehani wa chumba cha tatu alikuja akihema. "Shoga, wameshafika getini! Bwana Kufuli na mfuko wake!"

Hilo ndilo jina walilompa ofisa mkaguzi, kwa sababu alipotembea makufuli yaligongana mfukoni, ukamsikia kabla hujamwona.

Tusidanganyane, roho ilimuuma dobi. Alilitazama sanduku lake, akawatazama wale wawili waliokuwa wanalitazama pia bila kuthubutu kuomba. Kisha akalitia ndani ya tenga lake la nguo, akalifunika kwa shuka.

"Tuanze kwa kinyozi," akasema. "Mimi na tenga langu nani atatuuliza? Dobi na nguo chafu ni chanda na pete."

"Na wewe je?" fundi cherehani aliuliza.

"Ya kwangu tutayaona mbele. Twende, bwana, mnaniangalia nini?"

Bwana Kufuli aliingia kwa kinyozi akiwa na kufuli tayari mkononi. Akakuta mashine inanguruma kisogoni kwa mzee mmoja, waya umepita nyuma ya pazia.

"Hiyo inaendeshwa na nini?"

"Karibu, mkuu! Kaa nikutengeneze ndevu, leo bure. Kwa uso huu, mkuu, unawaonea wanawake."

Ofisa alijishika kidevu bila kutaka. Kinyozi akashika hapohapo, akasifu ndevu, akasifu viatu, akauliza habari za watoto. Nyuma ya pazia dobi alichomoa waya, akatoka kwa mlango wa uani na tenga kichwani. Ofisa alipofika kwa fundi cherehani kwa njia ya barazani, alikuta sindano inaruka juu ya pindo la gauni.

Akaitazama balbu iliyokufa darini. "Taa haiwaki, cherehani inakwenda?"

"Cherehani yangu ina bidii, mkuu, haingoji kumulikwa."

Nje kinyozi alipaliwa na kicheko. Ofisa hakukasirika. Alirudisha kufuli mfukoni na kulegeza sauti, kama baba anayesamehe.

"Najua mna kibetri mahali. Si kosa. Hata sisi ofisini tunajikokota na kibetri tu. Kampuni ya umeme imekata eneo zima, si sisi. Tunateseka wote, ndugu zangu."

Halafu akaingia kwa dobi.

Nguo zilikuwa juu ya meza, zimefuliwa, zimekauka, zimekunjwa kwa upole, na hakuna hata moja iliyonyooshwa. Pasi ilikaa pembeni na waya wake umezungushwa. Ofisa akaigusa kwa kidole.

"Baridi. Hapa hakuna kazi."

"Kufua nimefua, mkuu. Shika uone."

"Mkataba wako ni kufua na kupiga pasi. Haya, piga pasi nione."

Fundi cherehani alifungua mdomo, "Lakini mkuu, lile sanduku ni la...", na dobi akamfinya mkono mpaka akauma midomo. Ofisa akijua kwamba ni sanduku moja linalohamishwa chumba kwa chumba, wote watatu wangefungiwa.

"Sisemi mara mbili," ofisa alisema. Akalitundika kufuli kwenye komeo la mlango, likiwa wazi. "Nakwenda kunywa chai. Nikirudi nikute umetoa vilivyo vyako."

Makufuli yaligongana kuelekea ofisini, mwisho wa ua. Fundi cherehani akaanza kulia, kinyozi akapiga ukuta ngumi. Dobi hakulia. Alikuwa na hasira kavu. Alipanga nguo za watu tengani, akaweka pasi juu yake, akamwambia kinyozi ashike meza ya pasi upande mmoja. Wakaanza kuelekea getini.

Njia ya getini hupita chini ya dirisha la ofisi. Kioo kilikuwa na ukungu wa mvuke. Ndani kitu kilikuwa kinatokota kwa sauti nene, kisha kikajizima chenyewe, tak.

Dobi akasimama ghafla hata meza ikamgonga kinyozi kiunoni.

"Nini tena, dada?"

"Birika." Akamgeukia. "Wewe si ndiye uliyeniambia? Birika la chai, ukichomeka tu, linazimia."

Kinyozi alitazama dirisha. Akatazama waya ulionyooka kutoka nguzo ya barabarani mpaka kwenye paa la ofisi. "Mama yangu!" akasema. "Hawa watu wana umeme wao mzima!"

"Rudi nyuma. Niletee lile kufuli lake."

Hakubisha hodi. Bwana Kufuli alikuwa kitini, karani wake msichana anamimina maji ya moto kikombeni. Dobi aliweka kufuli mezani.

"Umesahau mali yako, mkuu. Na kibetri chenu kiko wapi, nikione?"

"Kibetri gani?"

"Kile mnachojikokota nacho. Kinachochemsha chai."

Karani aliinamisha macho kikombeni. Ofisa alikohoa, akasema laini ya ofisi ni nyingine, mambo hayo ni ya kitaalamu, na watu hawaruhusiwi kuingia hovyo. Wakati anaeleza, dobi alikwishasogeza birika, akachomoa waya wake, akachomeka pasi. Kitaa chekundu kikawaka.

"We mama! Umerukwa na akili?"

"Umesema nipige pasi uone. Ona."

Akatandika shuka juu ya meza ya ofisa, akakisukuma kikombe kando kwa heshima zote. Akalowesha kidole, akagusa pasi. Chwii! Ile sauti hakuwa ameisikia siku nyingi, na machozi aliyoyazuia asubuhi nzima yakamtoka sasa, akayafuta kwa bega huku mkono unakwenda.

"Nitamwita askari wa geti!"

"Mwite, naye ana haki ya kujua. Hili ninalonyoosha ni shati lake."

Dirishani vichwa vilianza kujaa. Kinyozi alikuwepo, na yule mzee aliyenyolewa nusu kichwa, na fundi cherehani na uzi shingoni. "Kumbe umeme upo!" kinyozi alitangaza, kwa sauti ya mtu anayenadi mnada. "Kumbe uko hapahapa!" Ofisa alisimama, akakaa, akasimama tena. Karani alinyanyua kile kikombe, akasogea pembeni amwachie dobi nafasi. Hakuna aliyemwagiza.

Uani mteja mmoja alikuwa anaulizia suruali yake. "Dobi yuko wapi leo? Mlango wazi, chumba kitupu!"

"Kahamia ofisini!" walimjibu kwa pamoja.

Bwana Kufuli alilishika kufuli lake, akalizungusha mkononi, hana mlango wa kulipiga. Dobi aliitundika nguo ya askari mgongoni mwa kiti cha wageni, akavuta suruali kutoka tengani.

"Ingia, ndugu yangu!" alipaza sauti ua mzima ukasikia. "Ingia tu, huku kuna umeme!"