Gari la Marehemu Lilipoacha Kupoza

Hapana, Muzi hakuwa bubu, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa amebeba tawi. Mtu wa kwetu akifia mbali, ndugu yake anakwenda na tawi la mlahlankosi, lile la miba, mpaka pale pale alipoangukia, anaiambia roho yake twende nyumbani. Kuanzia hapo hazungumzi na mtu aliye hai mpaka tawi lifike. Na marehemu ruksa, aongee naye mpaka koo likauke.

Sasa marehemu ni Mfanafuthi, mdogo wake Muzi, lori lilimgonga Johannesburg. Gari la kumleta kwetu Msinga lilikuwa na watu watatu tu. Lesiba, dereva wa kampuni ya mazishi. Shangazi Thokozile, aliyepanda kuhakikisha mila haivunjwi. Na Muzi na tawi lake. Jeneza nyuma. Ilikuwa Januari, na Msinga ya Januari unaijua, mbuzi wanagombea kivuli cha choo. Mama yao, MaKhoza, alisema jambo moja tu kwenye simu: uso wa mwanangu niuone kabla hamjaufukia.

Basi wameteremka mlima wa Van Reenen, kiyoyozi kikaanza kupuliza hewa ya moto. Na hicho hicho ndicho kilichokuwa kinampoza marehemu. Upepo upo, baridi hakuna. Lesiba akasimama, akafunua boneti, akachomoa fyuzi, akaipuliza, akairudisha. Akamwagia rejeta maji. Mwisho akamwambia shangazi gesi imekwisha, wakatafute fundi Ladysmith.

Muzi kakaa kimya. Na hapa ndipo panaponiuma, maana kazi yake ni hiyo hiyo, viyoyozi vya magari, ameifanya Pinetown mpaka mvi zimemtoka. Alishajua kabla Lesiba hajagusa fyuzi. Asubuhi kilipoza vizuri, injini ilipopata moto kikaacha, na ule mlio wa kompresa kushika, tak, hakuusikia tena. Akajaribu kuonyesha kwa kidole. Shangazi akamchapa mkono. Alisema ishara nayo ni maneno, anataka mdogo wake abaki akitangatanga mlimani?

Ladysmith fundi wa gesi alikuwa ametoka, anarudi sasa hivi, sasa hivi ile ya mafundi. Wakamngoja mpaka kivuli cha gari kikahamia upande wa pili. Muzi alikuwa kaketi nyuma, tawi mkononi, ndipo akaisikia harufu. Kidogo tu, kama maji ya maua yaliyosahauliwa ndani ya chombo.

Akainama kwenye jeneza.

"Mvelase," akamwambia mdogo wake kwa jina la ukoo, "usikasirike tumesimama. Gesi ipo. Ni klachi ya kompresa, imelika, ikipata moto sumaku haina nguvu ya kuivuta. Mtu akiisukuma kwa kijiti ataona inashika."

Lesiba akamgeukia shangazi. "Anasema na mimi?"

"Anasema na marehemu. Lakini wewe una masikio, nani kakukataza kuyatumia? Tafuta kijiti."

Akatafuta. Akawasha injini, akasukuma, tak, bomba likaanza kutoa jasho la baridi. Muzi akaendelea kumweleza mdogo wake: injini izimwe, kuna boliti moja katikati, kisahani kikitoka nyuma yake kuna washa, pete ya chuma nyembamba kama kucha, itolewe, pengo lipungue. Lesiba akalala chini ya gari na spana yake. Baada ya muda akatoka na grisi mpaka kwenye kope, akavua kofia mbele ya jeneza.

"Samahani, Mvelase. Washa zipo mbili. Nitoe zote?"

"Moja tu, ndugu yangu," Muzi akamwambia marehemu. "Ukitoa zote itasaga."

Shangazi akacheka ndani ya shali, kisha kicheko kikamgeukia kilio.

Kiyoyozi kikapoza. Lakini baridi inazuia tu, hairudishi kilichokwisha kwenda. Na kilichomtafuna Muzi njia nzima ni kwamba mdomo wa kusemea alikuwa nao tangu kule mlimani. Aliona haya kumwambia maiti habari za kompresa, kama vile anamtania.

Wakafika jua linazama. Muzi akaingia nyumba kubwa, akalaza tawi kule ndani nyuma, mahali pa wahenga, akamwambia mdogo wake umefika. MaKhoza alikuwa kwenye mkeka. Jeneza lilipotua akasema lifunguliwe. Wazee wakatazama chini, shangazi naye chini.

"Mama, tusifungue," Muzi akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa mtu aliye hai.

"Kwa nini?"

"Joto limemharibu. Nilijua gari lina nini, nikachelewa kusema."

"Na uso?"

"Na uso, Mama."

MaKhoza hakupiga yowe. Aliweka kiganja juu ya ubao, upande wa kichwa, na usiku kucha watu waliimba kiganja kikiwa pale pale.

Asubuhi tukazika. Watu wakanawa mikono langoni, nyama ikaletwa kwenye sinia za mbao, na hakuna aliyegusa, maana MaKhoza alikuwa bado amesimama, na Muzi kajitenga kule kwenye boma la ng'ombe. Mwishowe mama akaketi.

"Mwiteni," akasema. "Nyama inapoa."

Muzi akaja, akakaa kando yake. Mama hakumtazama. Alisogeza tu sinia, ikawa katikati yao, akakata kipande, akaanza kutafuna. Hapo ndipo na sisi wengine tukakaa, tukala.